Kocha Sakariye Awaleta Vijana Wake Garissa

Sakariye Mahat alizaliwa Banissa katika ukoo wa watu wa ngamia, na lau si ukame ule mkubwa uliomaliza mifugo ya baba yake, huenda mpira wa miguu angeusikia redioni tu. Mzee Mahat alipobaki na mbuzi wasiofaa hata kuitwa kundi, aliihamishia familia Garissa. Mama, Habibo, akawa muuza maziwa ya ngamia sokoni, Sakariye akatiwa shule. Huko ndiko alikokutana na mpira, na mpira ukamteka.

Mzee hakupendezwa. "Mtu mzima akimbize ngozi iliyojazwa upepo?" aliuliza. "Ngamia ukimkimbiza, angalau unapata maziwa."

Alipofaulu kuingia chuo kikuu Nairobi, Sakariye alicheza kiungo wa kushoto mpaka goti lake lilipovunjika, mwaka wa 1991. Daktari akamwambia mpira basi. Wenzake walidhani atajifungia chumbani na huzuni yake. Kumbe kila jioni alijikongoja na magongo yake hadi uwanjani, akaketi kando ya mstari, akatazama. Mwalimu wa timu alipohama na chuo kikakosa wa kumrithi, wachezaji wenyewe walimwendea Sakariye. Wakubwa wa chuo wakakubali, wakidhani ni kwa muda tu. Muda huo ukawa miaka saba.

Alikuwa na namna yake. Mchezaji akikosea, hakumfokea. Alimwita kando wakazungumza huku wakitembea. Hakutaka waukodolee macho mpira. "Mchungaji hatazami ngamia mmoja," aliwaambia. "Tazama kundi zima, utamwona aliyejitenga." Ulimi wake wa Kisomali haukuwahi kuizoea herufi p, hivyo "pasi" kwake ilikuwa "basi," na wachezaji wapya walikuwa wakisimama katikati ya mazoezi wakidhani yamekwisha. Walimcheka, naye akacheka nao. Lakini timu iliyozoea kuvuta mkia ilianza kufika nusu fainali, na wachekaji wakapungua.

Likizo ya Agosti, 1996, aliwaomba vijana wake jambo moja: waende Garissa wakacheze na timu ya mji. Wengi wao hawakuwa wamewahi kufika upande ule, na waliyoyasikia kuuhusu yalikuwa ya bunduki na majambazi. Walikwenda kwa sababu aliyewaomba ni yeye.

Njiani basi la chuo lilisimamishwa kwenye kizuizi. Askari mmoja alipanda, akawapita wote bila kuwauliza neno, akasimama mbele ya kocha. "Kipande."

Sakariye akatoa kitambulisho, na ile kadi ya ziada waliyopewa Wasomali wa Kenya peke yao. Askari akavigeuzageuza. "Hivi vinatengenezwa mitaani. Shuka."

Alishuka. Haya ilimchoma kuliko jua la nje. Si kwa kushushwa, hilo alilizoea tangu ujana, bali kwa kuwa safari hii wanafunzi wake walikuwa wakitazama. Akamgeukia dereva. "Wapeleke vijana. Watu wanawangoja uwanjani. Mimi nitafuata."

Dereva hakuwasha gari. Nahodha wa timu, beki mmoja mrefu kutoka Kakamega, alikuwa ameshateremka, na nyuma yake timu nzima. Wakaketi chini pale pale, kando ya lami.

"Nyinyi mna shida gani?" askari akauliza.

"Hatuna shida, afande," nahodha akajibu. "Tunamngoja kocha."

"Rudini kwenye gari!" Sakariye akasema, akiogopa wasije wakapigwa kwa ajili yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuwapazia sauti, na mara ya kwanza wao kumkaidi.

Waliketi pale hadi midomo ikakauka. Magari yalipita, abiria wakichungulia. Hatimaye mkubwa wa kizuizi alitoka kwenye kibanda chake, akauliza habari, akavisoma vitambulisho vile kwa makini, kisha akamrudishia Sakariye kwa mikono miwili. "Nenda, mwalimu," alisema. Hakuomba radhi, lakini alimtazama usoni.

Walivuka daraja la Tana jua likielekea kuzama, na mechi ikaahirishwa hadi kesho yake. Habari za kizuizini zilikuwa zimewatangulia, zimeletwa na abiria wa gari jingine. Uwanja ulifurika. Mama Habibo alifunga biashara yake akaja na wenzake wa sokoni, na Mzee Mahat, ambaye hakuwahi kutazama mechi hata moja, alisimama nyuma ya goli amejiegemeza kwenye fimbo yake.

Timu ya Garissa ilishinda kwa mkwaju wa penalti ambao hadi leo wengine wanaubishia. Mwisho wa mchezo mzee alimwendea mwanawe.

"Hawa walioketi juani kwa ajili yako, ni watoto wa nani?"

"Wa kila mahali, Aabo."

Mzee akawatazama, wamejaa vumbi, wamenuna kwa ajili ya penalti ile. "Walaahi, wageni hawa hawalali njaa," akasema, akaenda kuchagua mbuzi wa kuchinja.

Mwaka uliofuata timu ile ilitwaa kombe la vyuo vikuu, na klabu moja kubwa ya Nairobi ikamtaka Sakariye. Alifikiria sana. Kisha mvua za El Niño zikaja, Tana ikafurika, barabara ikakatika, na wiki nyingi zikapita bila habari za wazazi wake. Maji yalipopungua, mwaka wa 1998, aliaga chuo akarudi Garissa kufundisha shule na kuunda timu ya vijana. Wanafunzi wake wa zamani walishangaa: angekuwa mtu mkubwa Nairobi. Yeye hakujuta. Jioni mazoezi yakianza, Mzee Mahat huwa wa kwanza kufika, na kwa marefa hana huruma hata chembe.