Nimemzuhura mdogo wangu

Leo bibi kanivua nguo mbele ya ndugu wote.

Mdogo wangu Amina kaja na habari: anafungua mgahawa pale stendi. Kila mtu anamsifia. Mimi roho inaniuma, hata chai haishuki.

Nikamwambia kwa upole (upole wangu mnaujua): "Mdogo wangu, pale stendi watu hawali, wanapita tu."

Amina akanywea.

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akasema bila kuinua kichwa, "Usimzuhure mwenzio."

Kwetu, kumzuhura mtu ni kumkatisha tamaa. Nimekua nalo hilo neno, sijawahi kuuliza limetoka wapi. Leo nikauliza. Bora ningenyamaza!

Kumbe enzi za Mwingereza, bibi akiwa msichana, alipika togwa akawauzie wachimba dhahabu wa Sekenke. Dada yake, jina lake Zuhura, akamwambia: "Wale wamezoea chai ya Mzungu. Togwa yako wataimwaga."

Bibi akavunjika moyo, akaurudisha mtungi ndani.

Asubuhi mtungi haupo. Zuhura naye hayupo.

Togwa aliiuza yote, na mume akampata hukohuko Sekenke.

Nikacheka. Bibi hakucheka. Akaweka ungo chini, akaniuliza, "Na wewe, fremu ya kupanga pale stendi umeshaiona?"

Chai ikanipalia.

Nimeiona jana, jamani. Nani kamwambia?

Kwenu kumkatisha mtu tamaa mnakuitaje? Niambieni haraka, maana hapa nyumbani wameshaanza kutumia jina langu.