Uchaguzi wa Bi Mahbuba

Bi Mahbuba binti Thani hakuwa mtu wa kutulia. Ukimtembelea chumbani kwake, ndani ya ukuta wa mji wa Maskati, atakukaribisha, atakaa, atainuka kuchungulia kichochoroni, atakaa tena na kushika sindano, na kofia anayoshona haiendi mbele wala nyuma. Mimi nilikuwa jirani yake, niliyeolewa juzi tu, na kusema kweli alikuwa akinichosha.

Sababu alikuwa nayo. Mumewe aliuawa Unguja, Januari ile ya sitini na nne. Yeye alifika Maskati kwa taabu, na mwanawe wa pekee, Aflah, akabaki Mombasa akingoja ruhusa ya kuingia. Siku zile huku kila kitu kilikuwa kwa ruhusa, na ruhusa zilitoka Salala, kwa Sultani, zikipenda. Tulikuwa sasa katika mwaka wa sitini na saba, na maombi ya Aflah hayajajibiwa.

Alasiri, sisi wanawake tuliotoka Unguja tulikusanyika kwake kunywa kahawa. Ukutani alitundika kalenda ya muuza chai wa Kihindi, mwaka wake umeshapita, yenye picha ya mlima mweupe wa Himalaya. Siku moja shoga yetu Hamdiya akauliza huko juu wanaishi watu gani. Bi Mahbuba, bila kuinua macho, akasema yuko mfalme, naye amejifunga mwenyewe kwa katiba, na watu wake hupiga kura.

Basi ufalme ukaanza. Kila alasiri aliongeza kipande. Kulikuwa na Chama cha Taa, cha watu wa jumba la mfalme, na Chama cha Kiatu, cha wapagazi wanaobeba chumvi milimani. Wagombea walikuwa na wake wakorofi na maradhi ya magoti. Tuligombana kwelikweli, Hamdiya alimnunia mwenzetu Masouda kwa ajili ya mpagazi ambaye hata hajazaliwa. Mwishowe Bi Mahbuba akasema porojo basi, tupige kura. Akaweka finjani mbili nyuma ya pazia, moja ya Taa na moja ya Kiatu, kila mmoja akaingia na kokwa yake ya tende. Na kwa kuwa huku ukitikisa finjani maana yake umetosheka, ikawa ndiyo sheria: aliyekwisha piga kura atikise finjani yake, asimiminiwe tena kahawa, ili asirudi nyuma ya pazia mara ya pili.

Nilijua anachokifanya. Alikuwa akiitengeneza Unguja upya, ile ambamo watu wangeshinda na kushindwa, kisha kila mtu arudi kwake kula. Iliniuma, na niliipenda.

Aliyetutia wasiwasi ni Kheiria. Alizaliwa Unguja kama sisi, lakini aliletwa Maskati zamani kuolewa, na kaka yake alikuwa mkubwa katika ofisi ile ile iliyopokea maombi ya kuingia. Alianza kuja kusikiliza, akikaa karibu na mlango, haulizi kitu. Alipiga kura kama sisi. Kokwa zikahesabiwa na Kiatu kikashinda. Ikabaki kesho Bi Mahbuba atwambie kama mfalme atampokea mpagazi awe waziri mkuu, au ataita askari.

Asubuhi yake Bi Mahbuba alinifuata jikoni, akashika sufuria, akaiweka, akashika nyingine.

"Nikisema mfalme kakubali, Kheiria atamwambia kaka yake nnafunza watu kumshinda mfalme. Mwanangu n'tamuona wapi tena?"

"Sema unaumwa, bi mkubwa."

"Nimeshaumwa mara tatu wiki hii."

Alasiri tulijaa. Bi Mahbuba hakushona. Alisema mfalme alizichoma kura, akafunga bunge, akamtia mpagazi gerezani, na watu wakashukuru kwa amani waliyoipata. Alisema upesi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu. Hamdiya akasema hiyo siyo haki.

Kheiria akasimama kuvaa buibui lake.

"Ruhusa ya mwanao imetoka tangu juzi," akasema. "Nilimsumbua kaka yangu mpaka akachoka. Nilitaka nikwambie leo, ukishasema mfalme kakubali. Nikaona tutafurahi mara mbili."

Bi Mahbuba aliinuka, akakaa tena, na Kheiria akaendelea:

"Nyumbani kwangu haniulizi mtu rai yangu, si mume, si kaka. Nimeulizwa hapa, nyuma ya pazia lako. Na mimi nilikipa Kiatu."

Akatoka, na hakurudi tena.

Aflah alifika baada ya Idi, mrefu, mkimya, na mama yake alimshika uso mbele ya watu wote akalia kwa furaha. Ningekuwa mimi, ningemuuza mfalme yule na mlima wake pia kwa ajili ya mwanangu. Lakini wiki haikupita, Bi Mahbuba alijifunika akaenda mwenyewe kwa Kheiria kumwambia kuwa mfalme amejuta, mpagazi ametolewa, kura zitapigwa upya. Kheiria alimpa halua na kahawa, akamuuliza khabari za Aflah, na la mfalme hakuligusa.

Aliporudi alipita mlango wake akaja kwangu, akakaa sakafuni.

"Unguja ile walinivunjia watu," akaniambia. "Hii nimeivunja mwenyewe."