Mzizi wa Kifua

Sanamu ya tabibu huyu wa kale imezungushiwa maua, na watu wanaiinamia. Mimi natoka Voi. Kazi ya reli ndiyo iliyonileta China, na leo wenyeji wetu wametutembeza kwenye ukumbusho wake. Mkalimani anasema tabibu alipanda milima akionja majani, kisha akaandika vitabu. Nilikuwa namsikiliza vizuri, mpaka harufu ya mizizi mikavu iliponijia kutoka kabati moja lililo wazi.

Hiyo ni harufu ya chumba cha bibi yangu kule Mghange. Vibuyu vyake vya dawa vilining'inia juu ya meko, vyeusi kwa moshi, na vidole vyake vilikuwa vichungu hata akinilisha viazi. Jirani yetu, mzee wa kanisa, alisema vibuyu vile ni vya shetani. Jumapili moja alivitoa nje, tai ikiwa bado shingoni, akavimwagia mafuta ya taa na kuviwasha. Watu waliimba. Binti yake mdogo, ambaye bibi alikuwa amemponya kifua, alipiga makofi.

Bibi hakulia. Alinivuta karibu akaninong'oneza ule mzizi wa kifua unatoka mmea gani.

"Hii hawataichoma," akasema.

Simu imetetema mfukoni. Ni yule binti.

"Dada, baba anakohoa usiku kucha, hospitali wameshindwa. Hebu tuulizie huko kwa Wachina kama kuna dawa."

Mmea wenyewe umejaa nyuma ya choo chao.

"Pole sana, dada," nimemwandikia. "Nimeuliza. Hawana."