Glavu ya Kijani Yaenda Pasifiki

Hebu mwone Bosibori akishuka basi pale Malton, mtaa wa ughaibuni jirani na uwanja wa ndege, mfuko wa plastiki kaukumbatia kama mtoto mchanga. Ndani mna udongo. Ndiyo, udongo, kilo nzima, ameuchimba nyuma ya makao ya kutunzia wazee anakofanya kazi.

Anamwendea Cyriaque, Mrundi wa kanisani kwao, anayepakia mizigo ya ndege.

"Ndugu, nisafirishie huu hadi kisiwa fulani huko Pasifiki."

Cyriaque akachungulia. "Dada, unaenda kupanda muhogo?"

Bosibori akaeleza. Bibi ambaye yeye humwogesha kila asubuhi kazini, Valerie, mzaliwa wa New Zealand mwenye miaka tisini na minne, alikuwa na kaka askari. Kaka aliuawa vitani, akazikwa kisiwani katika makaburi ya jeshi, mawe meupe yamepangwa safu kama watu wanaongoja gwaride. Hakuna wa ukoo aliyewahi kufika. Bosibori, Mkisii wa watu, akaropoka: "Sasa nani alimtupia udongo?" Maana kwao mtu hazikwi hivi hivi, lazima mkono wa nyumbani utupe udongo. Tangu siku hiyo bibi hali vizuri. Akiletewa uji, anauliza udongo utaenda lini.

"Si umejitakia mwenyewe," Cyriaque akasema.

"Najua. Unafikiri nimebeba kilo nzima kwenye basi kwa raha?"

"Udongo hauvushwi mipaka hivi hivi, dada. Watautupa, na mimi wanitupe pamoja nao. Halafu udongo kule si upo? Mnachokosa ni mkono."

Bosibori akautazama mkono wake. Kisha akaanza kucheka peke yake.

Kesho yake glavu ya sufu ya kijani, aliyoifuma Valerie mwenyewe na kuivaa baridi nzima, ikatiwa kwenye bahasha. Mtunza makaburi wa kule kisiwani alikwisha kukubali kwa simu kuivaa. Wiki tatu baadaye akapiga simu ya video, jasho linamtiririka kwa joto la kisiwani, glavu imembana vidole. Akainama, akachota udongo, akautupa taratibu juu ya kaburi.

Valerie akasogeza miwani, akalisoma jina la kaka yake kwenye jiwe mara mbili. "Mwambie asiinyooshe sana," akasema, "itafumuka." Kisha akaomba uji, na bakuli la pili.

Mpaka leo, wakitoka kanisani, Cyriaque hushikilia kwamba aliyetupa ni mtunza makaburi. Bosibori anasema ni dada mtu, tena kwa mkono wake mwenyewe. Nawe uliyesikia yote, unasema ulikuwa mkono wa nani?