Sumaku Kifuani

Baba alifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu, na wenzake walimwita Sumaku. Jina lilitokana na kipande cha sumaku alichokifunga kamba na kukivaa mkononi. Kila kitu kilicholetwa alikigusa nacho. Kikinata, ni chuma. Kisiponata, kinakwenda kwenye pipa la shaba na alumini. Hakuna aliyembishia.

Kisha ngozi yake ikaanza kugeuka kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu yasiyotoka kwa sabuni. Daktari alimpima damu akasema mwili wake unahifadhi madini ya chuma kupita kiasi, na yameanza kurundikana kwenye moyo. Tiba yake ni kutolewa damu kila wiki. Baba alirudi nyumbani, akaketi sebuleni, akafungua vifungo vya shati, akajibandika sumaku kifuani. Ikateleza, ikaanguka mapajani.

"Umeona, mwanangu? Humu hamna chuma. Huyo daktari wako ananitafutia ugonjwa tu."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ukaidi nimeurithi kwake. Nikamwambia chuma cha mwilini kimetawanyika mno, sumaku haiwezi kukishika, kisha nikamweleza habari za nyota za kwanza kabisa, kubwa ajabu, zilizozaliwa bila hata chembe ya chuma. Ndani yake gesi nyepesi ilijipika ikawa kaboni, ikawa oksijeni, mwisho ikawa chuma. Chuma hakiwaki tena. Kikijaa moyoni mwa nyota, moyo huo huporomoka kufumba na kufumbua, nyota ikalipuka. Chuma cha mwanzo ulimwenguni kilisambazwa na vifo hivyo.

Baba aliacha utani. Aliweka kiganja kifuani akawa anasikiliza, muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa.

"Na siku hiyo, kabla haijalipuka, nyota kwa nje inaonekanaje?"

"Inang'aa vilevile, Baba."

"Haya. Jumatatu nipeleke hospitali."

Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu. Alikuwa akiwachekesha wenzake kando ya tanuri, akanyamaza katikati ya neno, akaanguka.

Nilimkuta wamemlaza kwenye benchi, uso bado una joto la tanuri. Nilimvua ile sumaku mkononi, nikamfungua shati, nikaibandika kifuani pake. Mwalimu mzima, najua kabisa haiwezi kushika, lakini nilitaka ishike. Iliteleza ikaanguka sakafuni, na vumbi lote la chuma likaikimbilia.