Smashi Niliyojifunza kwenye Simu

Miaka ya vita, tulipoikimbia milima ya Masisi na kufika Mubi, nilipata kazi katika duka la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo. Nilikuwa kijana mrefu sana, na kwa urefu huo watu wakadhani najua kucheza voleboli. Sikuwakatalia. Nikaamua kujifunza haraka kwenye simu kabla hawajagundua.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa mahali penye mchanga mweupe, aliyesema lugha nisiyoijua. Mtandao wa Mubi ulikuwa mzito. Mara nyingi aliruka, mkono juu, halafu video ikakwama, nami nikamngoja ashuke. Jioni nilijaribu mwenyewe kwenye depo, katikati ya magunia ya mchele, na mpira niliousokota kwa vitambaa. Siku moja mwenye duka aliingia akanikuta nipo hewani.

“Kuko panya?” akauliza.

“Hapana, Papa. Niko najifunza volé.”

Akayatazama magunia yake kwa makini, kisha akafunga mlango taratibu.

Baada ya miezi michache nilijiona nimeiva, nikaenda kwenye uwanja wa parokia. Kocha wa timu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama aliyekimbia Masisi kama sisi. Nikamwambia najua servisi, bloki na smashi.

“Nani alikufundisha?”

“Telefone, Mama.”

Hakucheka. Alinirushia mpira juu ya wavu. Nikakimbia, nikaruka, mpira ukapita nyuma ya kichwa changu. Wa pili ukanipiga kwenye paji la uso.

“Unapiga na mukono ya kuume,” akasema, “lakini miguu yako iko ya mutu wa kushoto.”

Nikabisha. Nikatoa simu mbele ya timu nzima nimwonyeshe kwamba nilifuata kila hatua. Aliitazama video kidogo, akaweka kidole kwenye shati la yule kijana.

“Soma maandishi.”

Maandishi yalikuwa yamegeuka, kama yanavyoonekana kwenye kioo. Video yote ilikuwa imegeuzwa. Miezi yote ile nilipiga kwa mkono wangu wa kuume, lakini niliiga miguu yake ya kinyume kwa uaminifu mkubwa.

Basi Mama akanianzisha upya, na hakunianzisha na smashi. Alinifunga mikono kwa kipande cha kitenge ili isiachane, akanipigia mipira mpaka ngozi ikawa nyekundu. Magoti yaliponyooka aliyasukuma kwa mguu wake. Siku nyingine milio ya bunduki ilisikika upande wa msituni. Yeye akafungua wavu kwanza, akauweka begani, ndipo akaturuhusu kukimbia. Kesho yake tuliendelea na zoezi lilelile.

Kisha tukaalikwa kucheza Itebero. Lori lilitufikisha penye matope yaliyolishinda, tukaendelea kwa miguu. Njiani tukakuta kizuizi cha watu wenye silaha.

“Muko banani?” mkubwa wao akauliza.

“Tuko ekipe ya volé,” Mama akajibu.

Alitutazama, timu ya vijana tu wenye nguvu, katika njia ile. Hata mimi nisingeamini.

“Kama ni kweli, mutuonyeshe. Wewe, murefu.”

Mama akarusha mpira juu, vizuri kabisa. Nami, kwa hofu, nikasahau kila alichonifundisha. Miguu ikarudi kwenye simu. Nikaruka vibaya, mpira ukanigonga kisogoni, nikaanguka kifudifudi kwenye matope mbele ya bunduki zao.

Halafu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Mkubwa wao alilazimika kujifuta machozi.

“Huyu hawezi kuwa mupiganaji,” akasema. “Mupite.”

Walichukua mkungu wetu wa ndizi, mpira wakatuachia. Mbele kidogo wenzangu wakaanza kunisifu: eti nimewadanganya wale watu kwa akili nyingi. Nikatembea kifua mbele, nikiwa na matope hadi kwenye nyusi. Mama akanisogelea.

“Ulifanya makusudi?”

“Hapana, Mama.”

“Najua.”

Itebero nilikaa kwenye benchi hadi seti ya mwisho, mwenzetu mmoja alipoteguka kifundo cha mguu. Niliingia mahali pake. Servisi yao ya kwanza ikanijia mimi, bila shaka. Nilikunja magoti, nikaunganisha mikono, mpira ukapanda taratibu mpaka kwa mpasishaji wetu, na mwenzangu akaupigilia chini upande wao. Sikuamini. Niligeuka kuangalia nani ameupokea.

Tulishindwa hata hivyo. Wenyeji wakatupa bugali wa muhogo na sombe ya majani yake. Nilikula huku nikiwaeleza wachezaji wao, kwa sauti ya mtaalamu, namna ya kupokea servisi ngumu, mpaka Mama aliponitazama tu kutoka upande wa pili wa meza. Nikainamia sahani yangu.