Gari la Buluu na Sabuni ya Mama Mkwe

Katika nyumba yetu hapa Rumonge sabuni hainunuliwi. Mama mkwe wangu huipika mwenyewe uani, kwa mawese ya michikichi yake na kostiki, ile chumvi nyeupe inayochoma ambayo hataki mtu mwingine aiguse. Alijifunza kazi hiyo ukimbizini Tanzania, akarudi nayo, na kwa hiyo sabuni akamlea mume wangu na wadogo zake wanne baada ya baba yao kufariki. Wavuvi wa huku wanaipenda kwa sababu inaondoa harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye nguo. Nilipoolewa, zawadi yake ya kwanza kwangu ilikuwa miche sita ya sabuni, imefungwa ndani ya kitenge. Nilielewa. Mkamwana anayeingiza sabuni ya dukani katika nyumba ile, amemtukana mtu.

Mimi nauza vitenge sokoni. Gari nililinunua ili nikachukue mzigo Bujumbura mwenyewe bila kumsubiri mtu. Ni gari dogo la zamani, buluu iliyokoza, buluu ya kitenge kizuri kabla hakijaonja maji. Mume wangu, ambaye anafanya kazi Bujumbura na huja nyumbani mwisho wa wiki, alikagua injini. Mimi nilikagua rangi. Alinicheka, lakini miaka mingi ya kuuza nguo imenifundisha kwamba rangi haijui kuficha, na sikuona sababu ya gari kuwa tofauti na nguo.

Mama mkwe alilipenda gari kuliko sisi sote. Alikaa kiti cha mbele, mkoba magotini, shingo imenyooka, akisalimia watu wa mtaani mmoja mmoja kupitia dirishani mpaka nikalazimika kwenda mwendo wa konokono. Na kila Ijumaa asubuhi aliniletea mche mmoja wa sabuni na kuniambia huo ni wa gari. Nikaliosha gari kwa sabuni hiyo miaka miwili mizima.

Mwaka wa pili ukiwa unaisha, boneti ilianza kupata ukungu mweupe. Nikaufuta, ukarudi. Nikausugua kwa nguvu, ukazidi. Paa nalo likapauka kama kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba msimu mzima. Mwenzangu mmoja pale sokoni aliniuliza kama gari langu limeota mvi kwa mawazo ya madeni. Wote wakacheka. Mimi nikitaniwa juu ya mambo mengine hucheka na wenzangu, ila juu ya rangi sicheki. Siku hiyo nilifunga duka mapema, nikaenda kutafuta dawa.

Duka la vipuri lilikuwa na rafu nzima ya makopo na chupa, kila moja ina picha ya gari linalong'aa na maandishi ambayo mwenye duka hawezi kuyasoma, wala mimi. Nilimuuliza ipi ni ya kusafisha, ipi ya kung'arisha, ipi ya kulinda. Akasema zote. Nikamuuliza ipi ni nzuri. Akasema zote. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale kila kopo lilikuwa linajitembeza. Nikachagua kwa picha, na hilo ni kosa ambalo nisingemsamehe mteja wangu yeyote. Ilikuwa dawa ya kupuliza. Nilipuliza gari zima, likawaka. Mama mkwe akatoka kuangalia, akapiga makofi, akasema sabuni yake hatimaye imeingia vizuri.

Kesho yake nikaenda Bujumbura. Mpaka kufika Gitaza, pale wanapoanika ndagala kando ya barabara, vumbi lote la njia lilikuwa limekwisha kunasa kwenye ile dawa, na gari limekuwa kama samaki aliyepakwa unga akisubiri kuingia kwenye mafuta. Baadaye nilikuja kujua kwamba dawa ile ilikuwa ya plastiki za ndani, za mbele ya dereva. Watu hawakuninyima ushauri. Mmoja alisema nipake mawese, mwingine mafuta ya taa, mwingine dawa ya meno kwenye mikwaruzo. Mawese na mafuta ya taa niliyakataa. Dawa ya meno niliijaribu, nakiri, na doa lake lipo mpaka leo mlangoni, upana wa kiganja.

Aliyenifungua macho ni fundi wa rangi wa Kabezi, Mkongomani kutoka upande wa Uvira, ambaye hupaka magari chini ya mabati kando ya barabara. Nilisimama kwake kwa sababu gari lililokuwa mbele ya banda lake lilikuwa zee kuliko langu, na lilikuwa linang'aa. Nilitegemea aniuzie kopo. Hakuwa na kopo la kuuza. Alichukua mfuko mwembamba wa nailoni, akauvaa mkononi, akapitisha vidole juu ya boneti, kisha akanipa mimi nifanye vile vile. Ajabu, mkono ulio ndani ya nailoni unasikia kitu ambacho mkono mtupu hausikii. Boneti niliyodhani ni laini ilikuwa na chembechembe kila mahali, kama niliyepapasa unga uliosagwa vibaya.

Halafu akaniomba kitambaa cheupe. Kitambaa sikosi. Akatia polishi kidogo sana, akasugua mahali pamoja karibu na taa, akanionyesha. Kitambaa kilikuwa buluu. Katika kazi yangu nguo inayochuja juu ya kitambaa cheupe hurudishwa kwa aliyeileta, tena kwa maneno makali. Akanituliza. Gari hili, alisema, halina verni, ule utando wa kioo unaopakwa juu ya rangi, kwa hiyo kila ninaposugua naondoa rangi yenyewe. Polishi inatoa, nta inafunika, na asiyejua tofauti hiyo atang'arisha gari lake mpaka afike kwenye chuma.

Kisha akauliza naliosha kwa sabuni gani. Nikafungua buti kwa majivuno kabisa, nikampa mche. Akaukwaruza kwa ukucha, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema mate pembeni.

"Mama, hii sabuni ingali na kostiki ndani," akasema. "Inakula nta, inakula na rangi. Nani anakuuziaka?"

Nikajibu kwamba niliiokota tu sokoni. Fundi hakumjua mama mkwe wangu na asingemjua kamwe, lakini sikutaka jina la nyumba yetu litemewe mate kando ya barabara.

Ushauri wake niliufuata wote. Shampuu ya magari, isiyo kali. Polishi ya chembe laini, mara moja tu, halafu niisahau. Baada ya hapo nta ngumu ya kopo, tabaka jembamba, kivulini, boneti ikiwa ya baridi, na kurudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Na nisishike ile polishi kwa mikono mitupu, maana inakausha ngozi. Hilo alilisema mara mbili. Nikanunua glavu za mpira pamoja na vile vingine huko Bujumbura. Vitambaa havikuwa shida yangu, nilikata flaneli nyeupe, ile ya kufungia watoto wachanga, ambayo haikwaruzi kitu.

Kazi yenyewe niliifanya Kigwena, kwenye kivuli karibu na msitu, mchana mmoja, mbali na macho ya nyumbani. Nilivaa glavu zangu kama daktari. Ukungu ulipoondoka na ile buluu ikatokea chini yake, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikapaka nta, nikangoja ikauke, nikafuta. Sikuwa nimefika katikati ya paa, kwa sababu mimi ni mfupi na nilikuwa nimechoka, nikasema nitamalizia siku nyingine.

Sasa ilibaki shampuu. Niliihamishia kwenye chupa ya mawese, nikaificha ndani ya buti. Kila Ijumaa mama mkwe alileta mche wake, nami nikaupokea kwa mikono miwili, nikashukuru, murakoze, nikauweka chini ya gunia la vitenge, kisha nikaenda kuosha gari Kigwena kwa shampuu. Nikirudi, yeye huzunguka gari lote akilikagua na kuniambia, unaona, sabuni yangu. Nami nasema naona, Mama.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja nilikuwa nimpeleke na kikapu chake cha ngazi, yale matunda ya mchikichi, kwa mtu anayekamua mafuta. Mimi nilikuwa ndani naongea na mteja kwenye simu, yeye akafungua buti mwenyewe atafute nafasi ya kikapu. Nilipotoka nilimkuta amesimama mbele ya miche yote ya Ijumaa zile, hata mmoja haujaguswa na maji, na ile chupa ya mawese iko wazi mkononi mwake. Alikuwa anainusa. Akaifunga, akairudisha, akashusha kifuniko cha buti taratibu kabisa. Siku hiyo alikaa kiti cha nyuma.

Ijumaa iliyofuata hakuleta sabuni, na iliyofuata pia. Alinisalimia vizuri, alikula nilichopika, na kiti chake kikawa cha nyuma. Mume wangu alipokuja alinishauri niseme kwamba miche ile nilikuwa nawawekea wageni. Nikamjibu vibaya. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na yeye kwa kunifundisha uongo wa pili, na fundi kwa ulimi wake, na mama mkwe kwa ule ukimya wake, maana ningependa anitukane tukamalizana. Nilijiambia kwamba yote haya ni kwa ajili ya rangi ya gari. Lakini nilijua si rangi. Watu watano walikua kwa sabuni ile, mmoja wao nikaolewa naye, na mimi nilikuwa nimemwambia mama yao, bila kufungua mdomo, kwamba haifai hata kwa gari langu.

Ijumaa ya tatu nikaenda uani. Alikuwa amekaa mbele ya sufuria anakoroga, upawa mrefu mkononi. Nikapiga magoti pale kwenye majivu, nikamweleza yote: ukungu, dawa ya kupuliza, fundi wa Kabezi, ulimi wake, jibu langu kwamba niliiokota sokoni. Sikuacha kitu. Yeye aliendelea kukoroga. Nilipomaliza, akasema nimwonyeshe.

Tukaenda kwenye gari. Nikamvisha mfuko wa nailoni mkononi, nikaupitisha mkono wake juu ya boneti, palipo na nta. Halafu nikamwinulia mkono mpaka paani, pale nilipokuwa sijafika. Akapapasa huku, akapapasa kule, akarudia. Akatingisha kichwa kukubali.

"Nasikia," akasema.

Akauvua ule mfuko, akanipa. "Vaa wewe."

Nikauvaa. Yeye akaweka mkono wake wa kulia juu ya boneti, kiganja juu. "Sasa shika hapa."

Nikapitisha vidole. Mkono ule nimeushika kila asubuhi tangu nilipoolewa, kwa mikono yangu miwili, kwa heshima zote. Sikuwa nimewahi kuusikia. Ngozi ilikuwa imekauka na kuchanika kila mahali, mistari juu ya mistari, na chini ya kidole gumba kulikuwa na ufa uliokuwa wazi, mwekundu ndani, ambao haukuwa wa siku hiyo.

"Gari ilipauka miaka mbili tu, ukatafuta dawa mpaka Bujumbura," akasema. "Hii mukono iko hivi tangu bwana yako angali mutoto. Hakuna mutu aliuliza ni sabuni gani."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Aliendelea kunieleza, kwa sauti ile ile, kwamba kostiki anajua ni nyingi. Wavuvi wanaitaka hivyo. Akipunguza, wanamrudishia wakisema haiondoi harufu. Laini anaweza kupika, siku zote aliweza. Mimi alinipa ile kali kwa sababu ndiyo watu wanaigombania, na mimi ni wake.

Nilitaka kulia nikaona haya kulia mbele ya mtu ambaye halii yeye mwenyewe. Nikaenda nyuma, nikafungua buti, nikatoa zile glavu za mpira. Zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya flaneli nyeupe, safi, na kwenye ncha za vidole zilikuwa bado na buluu ya gari. Nikampa.

Akazigeuza huku na huku. Akazinusa, akasema ziko na harufu ya gari. Kisha akaniangalia.

"Zilikuwa humo siku zote?"

Nikasema ndiyo, Mama, tangu Kabezi.

Akazivaa moja moja, taratibu, akivuta mpira upite juu ya ule ufa, akarudi kwenye sufuria kabla sabuni haijashika.